Mafuta Lazima Yagande Mahali

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mke wangu alilipiga pasi mwenyewe, kwa sababu barua ilisema nimeajiriwa idara ya maji, na sisi wawili tulidhani nitakaa mezani nikiandika majina ya watu wanaotaka kuunganishiwa mita. Nilitoka kwetu Isinya alfajiri. Nilipofika Kajiado mjini nilionyeshwa mzee mmoja mfupi aliyesimama kando ya shimo barabarani, gambuti zimemfika magotini. Huyo ndiye aliyekuwa nyapara wa maji taka. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Wewe ni Mmaasai?"

"Ndiyo, mzee."

"Ng'ombe umewaachia nani?"

"Ndugu yangu."

"Vizuri. Yeye achunge ng'ombe, wewe utachunga mavi. Vua hilo shati."

Nikavua. Mnaweza kucheka, hata mimi nacheka sasa, lakini siku ile nilikuwa karibu kulia. Nilipewa ovaroli ya mtu aliyekuwa mnene kuliko mimi mara mbili, nikafunga kiuno kwa kamba, na kabla ya jua kufika utosini nilikuwa nimeingia katika kazi ambayo nilikuja kuifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Sijutii hata siku moja ya kazi hiyo, isipokuwa moja. Hiyo nitaisema, kwa maana ndiyo iliyonifanya niketi kuandika.

Nyinyi mnaofanya kazi hii leo mna lori linalosukuma maji kwa nguvu mpaka bomba linapiga mluzi, na kamera inayotembea huko ndani kama panya. Sisi tulikuwa na rodi na kioo. Rodi ni vyuma vyembamba vinavyopinda kidogo, kila kimoja urefu wa mtu, unaviunganisha mwisho kwa mwisho na kuvisukuma bombani mpaka vigonge kilichoziba. Ukigonga kitambaa, rodi inarudi laini mkononi. Ukigonga mzizi wa mti, inarudi na mlio. Ukigonga mafuta yaliyoganda, hairudi kabisa. Inazama pole pole na kukwama, nawe unajua kwamba leo utafika nyumbani umechelewa.

Kioo kilikuwa fahari yangu. Manholi, yaani lile shimo lenye kifuniko cha chuma ambalo tunakagulia bomba, huwa zimepangwa moja baada ya nyingine kufuata laini. Mtu mmoja anashuka manholi ya juu na kioo cha kunyolea ndevu, analinasa jua na kulielekeza ndani ya bomba. Mwingine anachungulia kutoka manholi ya chini. Bomba likiwa limenyooka na safi, unaona duara la mwanga, mwezi mzima. Likiwa limebonyea, unaona kipande tu. Likiwa limeziba, giza. Kajiado tuna jua la kutosha, hakuna anayelilipia, na nyapara alinifundisha kusoma huo mwezi hadi nikaweza kusema bomba limebonyea wapi kabla mtu hajachimba.

Alinifundisha pia kungoja. Ukifungua kifuniko, unasimama upande upepo unakotoka, unahesabu pumzi zako, hushuki. Ile hewa ya chini haina rangi, na kuna watu wazima wenye nguvu waliolala humo wasiamke. "Shimo halina haraka," nyapara alikuwa akisema. "Mwenye haraka ni wewe, na wewe ndiye utakayezikwa." Nilifanya naye kazi miaka mingi na hatukumzika mtu hata mmoja. Hilo nalisema nikiwa nimeinua kichwa.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Wenzangu wa rika waliniuliza kama ni kweli Mmaasai mzima anaingia kwenye choo cha watu asiowajua. Mmoja alinipa mkono kisha akausafisha wake kwa vumbi mbele ya watu. Nilimwambia, "Ero, mwenzangu, ng'ombe wako akinya kwenye maji ya kunywa, nani anaitwa?" Mwaka uliofuata choo cha shule ya watoto wake kilifurika, na jina lililotajwa lilikuwa langu.

Kutoka Kajiado nilihamishiwa upande wa Ngong, na nikapewa eneo la Embulbul. Huko wakati ule nyumba nyingi zilitumia septiki, lile tangi la chini ya ardhi, na kazi yangu ilikuwa kufuatana na egzosta, lori la kunyonya. Ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na mafuta ya mjini. Tulifungua septiki ya jengo moja la kupangisha, nikaona juu kumeganda utando mweupe mnene kiasi kwamba kuku angetembea juu bila kulowa. Nikasema, Mungu wangu, hawa watu wanakula nini?

Inspekta wa maji taka wa huko alikuwa mtu mkimya wa miwani, asiyepandisha sauti. Alikata kipande cha ule utando kwa koleo, akakisugua kwa kidole.

"Hii si mafuta tena," akasema. "Mafuta ni laini. Gusa."

Nikagusa. Kilikuwa kigumu, kinamomonyoka kama chokaa ya ukutani.

"Maji ya visima vyenu yana chumvichumvi," akanieleza. "Si unaona birika la chai linavyopata ukoko ndani? Chumvi hizo zikikutana na mafuta yaliyooza, zinashikana, zinakuwa sabuni. Lakini sabuni mbovu, isiyo na povu, isiyoyeyuka. Hata bomba la saruji lenyewe linachangia, maana saruji ina chokaa. Ukoko ukishaanza, kila kinachopita kinaupenda. Wali, nywele, majani ya chai, vitambaa vya kumpangusia mtoto. Leo unene wa ukucha, mwakani unene wa mkono."

Nilikumbuka maneno hayo neno kwa neno. Lakini kuna tofauti kati ya kukumbuka na kusikia, kama mtakavyoona.

Kisha nikapelekwa Kitengela, nikiwa nimepanda cheo kuwa msimamizi wa laini. Sasa nilikuwa na watu wanne chini yangu, na ovaroli yenye kipimo changu. Kitengela ilikuwa ikikua kwa kasi ya kutisha. Ukienda likizo ukirudi unakuta ghorofa mahali palipokuwa na twiga. Na watu wote hao walikuwa wanakula nyama. Mbuzi, mbuzi, mbuzi! Kulikuwa na mtaa mmoja wa hoteli na bucha zilizopangana pande zote mbili, supu kuanzia asubuhi, nyama ya kuchoma kuanzia mchana, na maji yote ya kuoshea yakiingia laini moja iliyolala karibu bapa, kwa maana Kitengela ni tambarare na bomba halipati mteremko wa kutosha kukimbiza maji. Chini yake ni ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo hauachi bomba litulie. Mahali pamoja, chini kidogo ya huo mtaa, bomba lilikuwa limebonyea, likafanya tumbo. Mafuta hupenda tumbo.

Hoteli ya mwanzo kabisa kwenye mtaa ilikuwa ya Mama Njoki. Alikuja kutoka Murang'a akiwa mjane na sufuria mbili, na nilipofika Kitengela alikuwa tayari na meza kumi na supu ambayo madereva wa lori walikuwa wakisimama kuinywa kabla ya kuendelea Namanga. Mwanamke wa sauti kubwa. Ukikosa kumsalimia utaitwa kwa jina mbele ya wateja wote. Alinizoea haraka, akawa ananiita Baba Naserian kwa jina la binti yangu wa kwanza, na mimi nikawa nakunywa chai kwake kila asubuhi.

Laini ile iliziba kila wiki. Kila wiki! Tulikuwa tukisukuma rodi mpaka mikono inatoa malengelenge. Ndipo nikapata wazo langu, na nitawaeleza lilikotoka.

Kwetu mafuta ya kondoo ni mali. Mama yangu hakuwahi kumwaga hata tone. Mwanamke akijifungua hupewa eilata, yaani mafuta yaliyoyeyushwa, apate nguvu, na mengine huwekwa kwenye kibuyu. Asubuhi ya baridi yakiwa yameganda, unasogeza kibuyu karibu na moto, unangoja kidogo, yanatiririka yenyewe. Nikawaza: kumbe bomba ni kibuyu tu! Tukalete moto.

Tukatafuta mapipa mawili, tukawasha kuni pale pale barabarani, tukachemsha maji na kuyatia sabuni ya unga. Tukayamimina manholi ya juu, na kwenye manholi iliyofuata nikaziba mdomo wa bomba kwa gunia ili maji ya moto yakae kwanza yayeyushe, kisha navuta gunia na maji yanaondoka na mafuta yote. Wuuup! Mtaa mzima ulikuja kutazama. Chini ya hoteli ya Mama Njoki ukitazama kwa kioo, mwezi mzima, unang'aa. Tukawa tunafanya hivyo kila Jumatatu. Siku moja maji yaliponikurupua gunia likanitoroka, likaingia bombani. Nikasema litatokea mbele huko, nikachukua jingine.

Injinia wetu wa Kitengela alikuwa mwanamke kijana, mkali, mwenye kupenda maandishi. Alikuja kutazama, akafurahi, akaniandikia barua ya pongezi. Nikaiweka kwenye fremu. Watu mjini wakaanza kuniita Daktari wa Bomba, nami sikuwakataza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yule inspekta wa miwani alikuwa ameniambia mafuta na chumvi zinafanya nini zikikutana, nami nikadhani kwa kuwa hayapo tena mbele ya macho yangu, basi hayapo. Lakini kibuyu mdomo wake uko karibu na moto. Bomba mdomo wake uko mbali sana. Maji yangu yalikuwa moto kwa hatua mia moja, mia mbili, kisha yanapoa, na yakifika pale kwenye tumbo yanatulia kabisa. Mafuta yanaganda tena, na sabuni niliyotia imeyavunja yakawa mepesi ya kusafiri mbali zaidi kuliko ambavyo yangeenda yenyewe. Nilikuwa nachukua mafuta ya mtaa mzima na kuyapeleka mahali pamoja, kila Jumatatu, kwa bidii.

Mahali hapo palikuwa mbele ya zahanati moja ya kina mama.

Ilitokea mchana, mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Maji taka yalirudi nyuma, yakatokea sakafuni katika chumba cha kujifungulia. Tulipofika wauguzi walikuwa wamewatoa wanawake nje uani, mmoja amekaa kwenye benchi na kichanga cha siku moja kimefunikwa blanketi mbili. Sikuweza kumtazama usoni. Tulifanya kazi mpaka jioni, na mwishowe tukavuta kitu ambacho sijapata kukiona tena. Kilikuwa kama gogo, cheupe, kigumu. Ilibidi tukikate kwa msumeno.

Tulipokikata kipande cha pili, ndani yake kulikuwa na gunia langu.

Vijana wangu waliliona wakalirusha pembeni pamoja na takataka nyingine. Kwao lilikuwa gunia tu. Mimi nililijua. Nilikuwa nimelishona pembe mwenyewe kwa uzi wa bluu.

Injinia aliitisha ripoti. Kulikuwa na fomu: mahali, tarehe, sababu ya kuziba, mhusika. Zahanati ilikuwa imelalamika mpaka juu, na wakubwa walitaka jina. Injinia alikuwa ameshalichagua. "Hoteli ya kwanza kwenye laini ndiyo kubwa, na haina mtego wa kunasa mafuta," akaniambia. "Nimempa yule mama notisi. Ijumaa tunamkatia bomba na watu wa afya wanafunga jikoni. Wengine wataogopa. Wewe nijazie fomu na utie sahihi, wewe ndiye unajua hii laini."

Nikachukua fomu, nikaikunja, nikaiweka mfukoni mwa ovaroli.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa Mama Njoki kwa mazoea ya miguu tu. Aliniletea bakuli la supu badala ya chai.

"Kunywa, Baba Naserian. Unakaa mgonjwa." Akaketi mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya saa za kazi. Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Wamesema Ijumaa wananifunga. Niko na wasichana sita hapa, na kila mmoja ako na watoto. Nikifungwa mwezi moja, mimi siwezi rudi tena, nakwambia ukweli. Wateja wataenda. Wewe si unajua hii mambo ya bomba? Si uwaambie ni nini iliziba?"

Nikainama kwenye bakuli. Nilikunywa yote kwa sababu ya aibu.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilizunguka mji ule mchana kutwa na fomu mfukoni. Nilijiambia, na ni kweli, kwamba mafuta mengi yalitoka kwake na kwa jirani zake. Nilijiambia nina watoto shuleni. Nilijiambia gunia limeshatupwa na hakuna anayejua. Kila neno lilikuwa na ukweli wake, na bado yote yalikuwa uongo. Nilirudi ofisini kabla Injinia hajafunga mlango.

"Umejaza?" akauliza bila kuinua macho.

"Kuna nafasi moja imebaki, Injinia. Mhusika."

"Si nilikwambia jina."

"Andika langu."

Hapo akainua macho. Nikamweleza yote: maji ya moto, sabuni, tumbo la bomba, gunia lenye uzi wa bluu. Nilikuwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Aliponisikiliza mpaka mwisho, alinyoosha mkono nikampa fomu, akaiweka mezani.

"Na mimi nilikuandikia barua ya pongezi," akasema.

"Ndiyo. Iko kwenye fremu."

"Unajua naweza kukufuta kazi sasa hivi?"

"Najua."

"Sasa kwa nini unaniambia? Hakuna mtu alikuwa anajua!"

Nikamwambia, "Kesho ningekunywa chai wapi?"

Aliichukua fomu akaisukuma mezani kuja kwangu pamoja na kalamu. "Andika mwenyewe. Mimi siandiki." Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu. Kisha akasema, "Siku kumi na nne. Hoteli haifungwi. Nionyeshe mafuta yanaweza kuzuiwa kabla hayajaingia bombani. Ukishindwa, namfunga yeye na wewe unaenda nyumbani kuchunga."

Mnadhani Mama Njoki alinikumbatia? Nilipomweleza, alipiga mwiko mezani mpaka chumvi ikaruka.

"Ngai! Kumbe ni wewe! Na jana umekunywa supu yangu mpaka ukalamba bakuli!"

"Ndiyo, Mama."

"Ukiwa unajua!"

"Nikiwa najua."

Wateja walikuwa wameacha kutafuna. "Jembe iko nyuma ya jikoni," akasema. "Usiitishe vijana wako. Chimba wewe."

Nikachimba mimi. Udongo mweusi wa Julai, ambao umekauka, ni sawa na kuchimba sufuria. Lakini nikiwa mle shimoni ndipo akili ilinirudia, na ilirudi kwa njia ya mama yangu. Nilikuwa nimekumbuka nusu ya yale aliyonifundisha. Nilikumbuka kuyeyusha. Nikasahau kwamba kabla ya kuyeyusha, mama alikuwa ameyaacha yagande. Akichemsha nyama, alikuwa anaiweka sufuria kando usiku, na asubuhi anakuta mafuta yamekaa juu kama kifuniko, anayainua kwa mkono yakiwa mazima, na chini yamebaki maji matupu. Mafuta lazima yagande mahali. Yatagandia jikoni kwako unapoyaona, au yatagandia chini ya mlango wa mwenzako. Wewe ndiye unayechagua.

Mtego wa mafuta ni hiyo sufuria ya mama yangu, basi, hakuna zaidi. Ni tangi la mawe na saruji lenye vyumba, vitatu kwa hoteli kama ile. Maji ya kuoshea vyombo yanaingia chumba cha kwanza, masalio mazito yanazama. Yanapita chumba cha pili polepole, yanapoa, na mafuta yanapanda juu. Siri iko kwenye njia ya kutoka: bomba la kutokea halinywi maji ya juu, limeinamishwa linanywa ya chini, mahali ambapo mafuta hayafiki. Kwa hiyo maji yanaondoka na mafuta yanabaki yakielea, yakikungoja uje uyakombe. Usipoyakomba, tangi linajaa, na umejenga sanduku la bure. Watu wengi wanajenga wakasahau. Mtego usiokombwa ni pambo.

Lakini nilimwambia Mama Njoki kwamba mtego ni askari wa mwisho. Kazi inaanzia mezani. Kila sahani na kila sufuria ifutwe kabla ya kuguswa na maji. Gazeti kuukuu, majivu ya jikoni, chochote kinachonyonya. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yasimwagwe sinki, yawekwe kwenye debe yapoe. Mifupa na wali viishie kwenye chujio la sinki. Maji yanayochemka yasimwagwe bombani ili "kusafisha", maana sasa tunajua yanasafisha kwako na kuchafua kwa jirani. Hata zile dawa za chupa zinazouzwa kwamba zinakula mafuta, nyingi zinayasukuma tu mbele kama mimi na mapipa yangu.

Wasichana wake walilalamika. Mmoja aliniambia, "Mzee, sasa tutapangusa sahani ngapi? Watu wako kwa foleni!" Siku ya tatu walikuwa bado wananuna. Siku ya tano, yule aliyenuna zaidi aligundua kwamba sahani iliyofutwa inaoshwa kwa nusu ya sabuni na nusu ya maji, na Kitengela maji ya bomba hayaji kila siku. Hapo sikuhitaji kusema tena. Yeye mwenyewe akawa anawapigia wenzake kelele.

Siku ya kumi na nne Injinia alikuja na gambuti zake. Akafungua mtego: chumba cha pili kilikuwa na tabaka la mafuta la kukata kwa kisu, cha tatu maji tu. Akasema hiyo haitoshi, anataka kuona bomba. Nikampa kioo. Sikumshikia. Nilimwonyesha jinsi ya kulinasa jua, nikashuka mimi manholi ya chini baada ya kungoja hewa, nikachungulia: mwezi mzima. Kisha nikampisha, naye akashuka akaangalia mwenyewe huku kijana wangu mmoja akimulika juu.

Nilimsikia akicheka peke yake mle ndani. Aliponyanyuka alisema tu, "Sasa mtaa wote."

Ilituchukua muda mrefu, mtaa wote. Kuna mwenye bucha aliyenifukuza na panga la kukatia mbavu, akidhani nimekuja kumfunga. Kuna waliojenga mtego bila ile njia ya chini, tukavunja, tukajenga upya. Tumbo la bomba tulilichimba tukalilaza upya juu ya kokoto ili udongo mweusi usiliyumbishe. Mafuta yaliyokombwa alipatikana mtu wa Kisaju wa kuyachukua, anatengeneza sabuni ya kufulia. Lakini kufikia wakati wa kustaafu kwangu, rodi zetu za laini ile zilikuwa zimeshika kutu ukutani, nami niliitazama ile kutu kama mtu anavyotazama ng'ombe wake wakirudi jioni wakiwa wote. Kutoka Kajiado hadi Embulbul hadi Kitengela nimefanya kazi nyingi, na hii ndiyo niliyoifanya vizuri kuliko zote. Barua ya pongezi niliitoa kwenye fremu siku ile ile niliyoandika jina langu kwenye fomu, sikuirudisha.

Nilistaafu kwa keki na saa ya ukutani. Meneja alisoma hotuba akakosea jina la ukoo wangu. Si neno. Nikarudi Isinya kwa mbuzi wangu, na watu sasa wananipa mkono bila vumbi.

Mama Njoki aliendelea kuninywesha chai miaka yote ile, lakini nataka mjue kitu kimoja: hakuwahi kutamka kwamba amenisamehe. Hata mara moja. Nami sikuwahi kumwuliza. Nilijua alivyo, mwenye kovu usidhani kapoa.

Miezi michache iliyopita alinipigia simu. Anafungua hoteli ya pili, Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, nije Jumamosi na nisichelewe. Nikaenda na mke wangu. Viti vya plastiki, hema, pasta wake amevaa suti, watu wengi, mbuzi tayari motoni. Pasta akaelekea jikoni na Biblia ili aombe. Mama Njoki akamshika mkono wa koti.

"Hapana, Pasta. Tunaanzia nyuma."

Akatupeleka wote nyuma ya jikoni. Palikuwa na mtego wa mafuta mpya, vyumba vitatu, kifuniko kimepakwa rangi nyekundu. Bado haukuwa umeingia maji. Pasta alitutazama, akatazama shimo, akafungua Biblia yake akiwa hana uhakika ni wapi pa kusoma. Watu wakaanza kucheka chini chini.

Mama Njoki hakucheka. Alinivuta kwa mkono akanisimamisha mbele ya wageni wote, na ile sauti yake kubwa haijazeeka hata kidogo.

"Mnaona huyu mzee? Huyu ndiye aliziba bomba Kitengela wakataka kunifunga mimi. Nimemkasirikia miaka mingi, na bado. Lakini mimi nimeuza supu kwa watu wa ofisi tangu nitoke Murang'a, wa kila ofisi. Ni huyu peke yake nimewahi sikia akisema, ni mimi. Baba Naserian, fungua."

Nikapiga magoti nikainua kifuniko. Niliinama pale nikijifanya nakagua njia ya kutokea, kama imeelekezwa chini. Ilikuwa imeelekezwa chini, sawasawa kabisa. Niliikagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, mpaka mke wangu akaja akanipa leso.